Nundu ya Pili

Jumatatu, 12 Januari

Leo jua limeletwa Garissa likiwa ndani ya sanduku! Kuiletea Garissa jua ni kama kumwongezea ngamia nundu, lakini hili tumelisubiri tangu mwaka jana. Ni kisanduku cha chuma, kizito, si kikubwa kuliko jiko la kuokea mkate, na kazi yake ni udanganyifu mtupu. Kinachota umeme ukutani, kisha kinautoa kwa tabia zile zile za paneli za sola. Ukikiambia ni saa nne asubuhi Bute, hapa maabara panakuwa saa nne asubuhi Bute. Ukikiambia wingu limepita, wingu linapita. Kidhibiti cha pampu kikichomekwa pale hakijui kama kimechezewa.

Mwalimu Peterson, mkuu wa maabara yetu ya umeme hapa chuoni, ametia sahihi, akakizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari, halafu akakifunika kwa kitambaa cha meza cha mkewe. "Kisiguswe mpaka nimalize kusoma kitabu chake," akasema. Hicho kitabu ni kinene mno. Kwao ni Vihiga, huko mvua haina haraka kwa sababu iko kila siku. Sisi wa Bute hatuna subira hiyo.

Jumanne, 13 Januari

Niandike sababu ya haraka yangu, ili siku nikisoma tena nisijione mwehu.

Bute ni kwetu. Mama yangu, Abshiro, anauza maziwa ya ngamia pale kisimani. Mwaka jana mimi na Shuaib, mwenzangu wa maabara, tuliunda kidhibiti kinachopokea umeme wa paneli na kuendesha pampu ya kisima hicho, na jenereta ya dizeli ikaondolewa. Siku ile nilitembea Bute nzima kichwa juu. Sasa Jilaal imekaza, kiangazi kile kirefu kinachotoboa viriba, na pampu imeanza kituko. Asubuhi inavuta maji vizuri. Adhuhuri, jua linapowaka kuliko saa zote, inalala. Alasiri inaamka kana kwamba haikufanya kitu.

Abti Abdille, kaka mdogo wa mama, ndiye mwangalizi wa pampu, na ndiye anayenipigia simu: "Idman, pampu yako imelala." Lakini kila fundi wa kaunti anapokwenda kutazama mchana, anakuta maji yanafoka. Bi Saynab, afisa wa maji, amechoka na mchezo huu. Ametuambia wazi: ikifika Idi dawa haijapatikana, kidhibiti kitang'olewa na dizeli itarudi. Bute inaijua dizeli. Wiki hii mafuta yapo, wiki ijayo hayapo, na mifugo inatembezwa mbali mpaka inaanguka njiani. Mama amesema dizeli ikirudi, atauza ngamia wake wote amfuate kaka yangu Eastleigh. Mama yangu ghorofani, bila ngamia! Siwezi hata kulifikiria.

Na nadhani mchawi namjua. Enzi za dizeli, mafuta yalikuwa mikononi mwa Abti Abdille, na mafuta hayana shahidi yakiuzwa pembeni. Nimeliandika, na moyo umepoa kidogo.

Ijumaa, 16 Januari

Mwalimu bado anasoma. Anapiga mstari chini ya maneno kwa rula.

Jumanne, 20 Januari

Kitambaa kimeondolewa!

Shuaib aliuliza, "Leo tunaiwasha, Mwalimu, ama tunaisomea dua?" Shuaib ni mzaliwa wa hapa mjini, Sheng inamtoka hata akiwa msikitini. Mwalimu hakucheka. Alinivutia kiti mimi, kwa sababu aligundua nilikuwa nakisoma kitabu kile kile kwenye simu kila mapumziko ya mchana.

Unakipa nambari nne tu. Ya kwanza, volti za paneli zisipounganishwa na chochote. Ya pili, ampea zake waya zikigusanishwa ncha kwa ncha. Ya tatu na ya nne, volti na ampea za mahali pale ambapo paneli zinafanya kazi kubwa kuliko pote. Kutokana na hizo nne, chenyewe kinachora mstari: unatambaa sawasawa kama ardhi ya Modogashe, halafu unaporomoka ghafla. Ukizidisha volti kwa ampea unapata mchoro mwingine, wa nguvu, nao una nundu moja, kama ngamia yeyote wa kwetu. Kazi ya kidhibiti ni kuipanda hiyo nundu na kukaa juu yake. Kinapiga hatua moja, kinasikiliza kama nguvu imeongezeka. Imeongezeka, kinaendelea. Imepungua, kinarudi.

Niliandika nambari zangu, nikabonyeza. Mashine ikalia na kukataa! Volti za kilele nilikuwa nimeziandika kubwa kuliko zile za paneli zisizounganishwa, ambazo hazipitiki.

"Umeweka dari chini ya kitanda," akasema Mwalimu, na hapo ndipo nikajua mtu huyu ana utani.

Nikasahihisha. Pampu yetu ndogo ya majaribio ikanguruma ndani ya pipa, maji yakaruka hadi kwenye saruji, na mimi nikapiga vigelegele kama niko arusini. Wanafunzi wa mwaka wa pili walikuja kuchungulia dirishani.

Jumatano, 28 Januari

Dhana ya kwanza: joto. Paneli zikichemka, volti zake hushuka. Nimechora adhuhuri ya Bute kwa ukali wote ninaoujua, na Shuaib ameandika programu inayotuma michoro mmoja baada ya mwingine, kila dakika ikiwa robo saa ya kule. Leo nimeliona jua la Bute likichomoza, likipanda na kuzama kabla ya kengele ya mapumziko. Nilitaka kulia kwa uzuri wake.

Lakini kidhibiti kilipita. Adhuhuri ndipo kilipovuta maji mengi zaidi. Nimefurahi na kununa kwa pamoja.

Jumanne, 3 Februari

Dhana ya pili: vumbi. Nimepunguza ampea, nikapunguza tena, kama paneli zimepitiwa na kundi zima la mbuzi. Kidhibiti kimepita. Shuaib anasema, "Hii kitu iko sawa, Idman. Labda Bute ndiyo mbovu." Nimemtupia kalamu.

Jumatano, 4 Februari

Umeme umekatika kutwa. Jua la sandukuni linangoja stima, la nje linatuunguza.

Ijumaa, 6 Februari

Nimemkosea adabu Abti Abdille, na sijui kama ninajuta.

Alipiga baada ya sala ya Ijumaa. Salamu zilikuwa ndefu kama kawaida: ngamia wazima, mbuzi wazima, majirani wazima. Halafu, "Pampu imelala tena." Nikamuuliza kwa Kisomali, wala sikuzunguka, "Abti, inalala au inalazwa?"

Nilisikia upepo wa Bute kwenye simu.

"Idman," akasema mwishowe, "muulize mama yako habari za mchana."

Hiyo nikaiona ni njia ya kukwepa. Nilimpigia mama, nikamuuliza kuhusu pampu. Akanijibu, "Pampu? Hooyo, mimi ni mtu wa maziwa." Huko kwetu mama humwita mwanawe kwa lile lile jina la mama, na mama anaponiita hivyo siwezi kubishana. Nikaacha.

Jumanne, 10 Februari

Fundi wa kaunti amekwenda Bute tena. Saa saba mchana, maji tele. Bi Saynab amempigia Mwalimu Peterson na kumuuliza kama sisi tunacheza. Mwalimu ametoka nje, akasimama kivulini na kutazama korongo wenye upara wanaopigania takataka huko ukutani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 12 Februari

NIMEPATA! Nimepata, nimepata, nimepata!

Mama alipiga mwenyewe, si kwa habari ya pampu. Alikuwa na furaha tu. "Hooyo, Jilaal hii yote maziwa hayajachacha hata mara moja, alhamdulillahi."

Nikashangaa. Tangu nikiwa mtoto najua kuwa Jilaal ndiyo adui wa wauza maziwa. Gari la kuyachukua halifiki kabla ya alasiri, na pale kisimani hakuna mti wa kumtosha hata mbuzi. Nikamuuliza wanayaweka wapi.

"Chini ya vioo vyako. Pana kivuli kizuri."

"Chini ya paneli? Si panachoma huko?"

"Palikuwa panachoma! Vioo vinapika, na jua linapenya kwenye nafasi zake. Tukatandaza mikeka juu."

"Juu ya nini, hooyo?"

"Juu ya vioo. Safu ya chini tu, sisi si wachoyo. Adhuhuri tunatandaza, gari likija tunakunja."

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu. "Na fundi wa kaunti akija?"

"Mgeni?" Sauti yake ilipanda kana kwamba nimemtukana. "Vumbi lake tukiliona tu tunakunja mikeka, tunafagia, tunanyunyiza maji. Tumpokee mgeni na mikeka imetapakaa juu kama nyumba iliyofiwa?"

Nilicheka, nikalia, nikamwambia nampenda, nikakata simu kabla hajauliza nimepatwa na nini. Shuaib alidhani nimeumwa na nge. Kila siku wanaifunika pampu shuka ilale, na kila mgeni akija wanaifunua kwa heshima zake! Hakuna fundi duniani ambaye angeuona ugonjwa huu, kwa sababu fundi ni mgeni.

Na Abti Abdille alijua. Alikuwa akiiona mikeka kila siku kwa macho yake. Lakini angewezaje kumshtaki dada yake mkubwa kwa binti yake? Na nani kwetu anamvua dada yake mkubwa kivuli? "Muulize mama yako" ndiyo kauli ya mwisho ambayo heshima ilimruhusu. Nami nilikuwa nimeshamwita mwizi moyoni. Nimeona haya hadi masikio yanawaka.

Ijumaa, 13 Februari

Nimegombana na Mwalimu Peterson.

Yeye alifurahi sana. "Basi, kwisha. Waambie watoe mikeka."

Nikasema hapana. Alinitazama juu ya miwani. Nikamwambia kivuli cha adhuhuri Bute ni mali, na wanawake wale wanasomesha watoto kwa maziwa yale. Nikamwambia tena, leo ni mkeka, kesho ni kinyesi cha ndege, keshokutwa ni wingu lililofunika nusu ya paneli, tutamwamuru nani akunje wingu?

"Kifaa kina masharti yake, Idman."

"Mwalimu, ukiuziwa ngamia anayetembea kwenye lami tu, umeuziwa nini?"

Akatoka. Nilijua nimevuka mpaka, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Aliporudi alikuwa na vikombe viwili vya chai na kitabu kimefunguliwa karibu na mwisho. Njia ya jedwali! Badala ya nambari nne, unauandika mstari wewe mwenyewe, nukta kwa nukta, kwa umbo lolote utakalo.

"Hapa nilipita mbio," akasema. "Ukikosea hapa, unaweza kuunguza kitu. Na aliyetia sahihi ni mimi peke yangu. Kikiungua, nitakilipa hadi nistaafu."

Mwezi mzima nilimwona bahili wa kitambaa na rula, kumbe alikuwa amebeba mzigo ule kimya. Akanipa kikombe. "Chora mikeka ya mama yako."

Jumatatu, 16 Februari

Siku tamu kuliko zote tangu nianze kazi.

Asubuhi niliazima mkeka kwa habaryar Muslimo, mdogo wa mama anayeishi hapa mjini. Ni wa ukindu, umesukwa na mikono ile ile iliyosuka ya Bute. Tukautandaza juu ya paneli moja uani, tukapima. Mkeka unapitisha chini ya theluthi ya jua. Majirani wa chuo walitutazama watu wazima watatu tumeinama tukipima mkeka.

Kisha jedwali. Volti hapa, ampea pale, nukta baada ya nukta, Mwalimu akisoma na mimi nikiandika. Mstari uliotoka haukuwa tambarare moja tena. Ulitambaa juu, ukashuka ngazi, ukatambaa chini, ukaporomoka. Tukazidisha kupata nguvu, na kwenye skrini zikasimama nundu MBILI. Moja kubwa upande wa volti ndogo, ambapo paneli zisizofunikwa zinafanya kazi peke yake. Nyingine ndogo upande wa volti kubwa.

Tukakiunganisha kidhibiti. Siku zote kinaanzia upande wa volti kubwa. Kikakutana na nundu ndogo kwanza, kikaipanda, kikapiga hatua mbele, nguvu ikapungua, kikarudi. Kikatulia pale kama mzee aliyefika kwake. Hakikujua kuwa ng'ambo ya bonde kuna nundu ya pili, kubwa karibu maradufu. Pampu ikakohoa ndani ya pipa, ikanyamaza.

"Imelala!" Shuaib alipiga kelele. "Imelala fofofo! Tumeidaka, msee!"

Mwalimu Peterson alipiga meza kwa kiganja hadi chai ikamwagika kwenye kitabu chake. Hata hakufuta. Sijawahi kufurahi hivi kuona kazi yangu ikishindwa.

Alhamisi, 19 Februari

Mfungo umeanza. Koo kavu, akili nyepesi. Nimepata wazo: kabla ya kutulia, kidhibiti kizunguke malisho yote kwanza, mwisho hadi mwisho, kikumbuke palipo juu kuliko pote, halafu kirudi pale. Mchungaji haketi penye jani la kwanza.

Jumatatu, 23 Februari

Kinazunguka vizuri, kisha kinasahau kilichokiona. Kosa langu, mstari mmoja wa programu.

Jumanne, 24 Februari

Sasa kinakumbuka, lakini kinazunguka kwa pupa mno, pampu inashtuka na ulinzi unaizima. Shuaib ana njaa na hasira. Mimi pia. Tumeamua kutosemeshana mpaka futari.

Alhamisi, 26 Februari

Kimezunguka polepole. Kimeshuka kwenye nundu ndogo, kikapita bondeni, pampu ikanyamaza na mimi nikafumba macho. Kikapanda. Kikapanda tena. Maji yakaruka! Tumebadilisha michoro kila namna, mikeka miwili, mikeka mitatu, wingu juu ya mkeka, na kila mara kimerudi kwenye nundu kubwa. Shuaib anaimba.

Mwalimu amempigia Bi Saynab. Amejibu kuwa sandukuni hakuna watu wanaokunywa. Anataka kukiona Bute, adhuhuri, kwa macho yake, Jumatano ya tarehe 11 Machi. Jenereta iko tayari kwenye lori.

Jumatatu, 9 Machi

Tumefika Bute, mimi na Mwalimu, vumbi hadi kwenye kope. Njia nzima Mwalimu alikuwa akijificha nyuma ya gari kunywa maji. Nilimwambia hakuna anayemkataza. Akasema si kukatazwa, ni aibu. Tulipopita Wajir hakunywa tena.

Mama amekonda, macho ni yale yale. Amenikumbatia, akamkaribisha Mwalimu kama balozi. Kisimani pamefagiwa unaweza kulamba asali chini. Na mikeka? Hakuna hata mmoja.

Jumanne, 10 Machi

Nitapasuka! Tumeiweka programu mpya, lakini nitaijaribuje? Pampu inavuta maji kutwa kwa sababu paneli ziko uchi. Nimemwomba mama atandaze mikeka, amenitazama kama nimemwambia avue mtandio sokoni. "Mbele ya mgeni? Idman, nani alikulea?" Wanawake wenzake wameyahamisha maziwa kwenye kibanda cha magunia, na leo madumu mawili yamechacha. Yote kwa kumstahi Mwalimu. Nimeomba, nimebembeleza, nimetaja ngamia wake. Amesema Mungu ndiye anayejua habari za ngamia.

Kesho ndiyo Jumatano.

Jumatano, 11 Machi

Nimekaa nyuma ya tangi, mgongo umelowa, na sijali.

Bi Saynab alifika kabla ya adhuhuri, mwanamke mrefu asiyependa chai ya maneno. Nyuma yake, lori lenye jenereta iliyofunikwa turubai. Watu walilitazama lile turubai. Maji yalikuwa yakifoka kwenye birika la ngamia.

"Yanatoka," akasema Bi Saynab. "Kila nikituma mtu, yanatoka. Kila mtu wangu akiondoka, napigiwa simu. Nani ananidanganya?"

Abti Abdille akasogea mbele. Akasema kwa Kiswahili, ili Mwalimu naye asikie, na pampu kinywani mwake ni bamba, "Afisa, hii bamba iko na ugonjwa ya mchana. Lakini ugonjwa yake iko na adabu sana. Ikiona mgeni, anajificha."

Watu wakacheka, Bi Saynab hakucheka. Nikamgeukia mama, mbele ya wote. "Hooyo, nakuomba. Mikeka." Mama akaangalia chini. Niliona mikono yake inavuta ncha ya mtandio, na nikajua nikimsukuma zaidi nitamwaibisha, na nisipomsukuma nitampoteza.

Hapo Mwalimu Peterson akavua viatu. Sijui alifikiria nini. Aliviweka viatu vizuri pembeni, akakunja suruali, akaniambia, "Mtafsirie mama. Kwetu tunasema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilikuja Jumatatu. Leo ni siku ya tatu. Mimi si mgeni tena, nataka kazi."

Nilimtafsiria mama. Alimtazama yule mwanamume mnene wa Vihiga, miguu mitupu kwenye mchanga unaochoma, akirukaruka kwa siri. Kisha mama yangu akacheka, kicheko chake kile kikubwa ambacho sijakisikia tangu baba afariki.

"Mwambie huku hatuna jembe," akasema. "Mpeni mkeka."

Ilikuwa kama bwawa limefunguka! Mikeka ikatoka kila nyumba. Abti alipanda juu, Mwalimu akawa anampa, wanawake wakaingiza madumu yao chini ya kivuli huku wakimwelekeza Mwalimu kwa Kisomali, naye akiitikia kila neno, "Sawa, mama." Bi Saynab alisimama na kutazama, mikono kiunoni.

Mimi niliipigia magoti skrini ya kidhibiti. Mkeka wa mwisho ulipolala, nambari zikaanguka. Maji kwenye bomba yakawa membamba, yakawa uzi, yakakatika. Kimya. Ngamia mmoja akainua kichwa birikani. Kidhibiti kilikuwa kimekaa juu ya nundu ndogo, pale pale nilipokiona Garissa.

"Basi huu ndio ugonjwa," akasema Bi Saynab. Angalau ameuona. Akamtazama dereva wa lori.

"Subiri," nikasema. "Tafadhali, afisa, subiri kizunguke."

Nambari zikaanza kushuka. Hapo nilichanganyikiwa hata mimi niliyeiandika programu, kwa sababu kule sandukuni kushuka kulikuwa mchezo, na hapa kulikuwa na ngamia wa mama wamesimama mbele ya bomba kavu. Zilishuka hadi karibu na sifuri. Mtu alisema inna lillahi. Kisha nambari moja ikapanda. Nyingine ikapanda. Bomba likapiga chafya, likatema hewa, likatema kutu, na maji yakaja! Yalikuja kwa kishindo, mikeka ikiwa juu, maziwa yakiwa kivulini, adhuhuri ya Mungu ikiwaka! Nilipiga vigelegele na safari hii sikuwa peke yangu. Mtu alinimwagia ndoo nzima. Nadhani alikuwa mama.

Bi Saynab alichota maji kwa kiganja, akayatazama yakichuruzika, akanawa uso. "Lori lirudi Wajir," akamwambia dereva. Kisha akanigeukia. "Na wewe, mfundishe kijana wangu mmoja hayo mambo ya nundu."

Mama alinivuta pembeni. "Kwa hiyo ni mimi niliyekuwa naizima?"

"Hapana, hooyo. Ni mimi sikuifundisha kutafuta."

"Lakini mikeka inabaki?"

"Inabaki."

Nilimkuta Abti Abdille akifunga kamba ya mkeka uliolegea. Nilimwomba radhi kwa lile swali la kwenye simu, na kwa lile ambalo sikulitamka. Hakuuliza ni lipi. Alisema tu, "Wewe uliniuliza kama naizima. Ungeniuliza nani anaifunika, ningekaa kimya vilevile." Akanipa ncha ya pili ya kamba nishike.

Ijumaa, 20 Machi

Idi! Mama amenitumia picha: ngamia wake wote, na nyuma yao paneli na mikeka. Shuaib amekula sambusa hadi ameshindwa kusimama. Mwalimu alikuja nyumbani na mkewe, wakatuletea zawadi kile kitambaa cha meza, kimefuliwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nilikuwa mbele ya darasa, jua la sandukuni limewashwa, nikiwaonyesha wanafunzi nundu ya pili, simu ikaita. Mama.

"Hooyo, pampu imelala."

Nikamwashiria Shuaib ashike darasa, nikatoka ukumbini. "Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Haijaamka kabisa."

"Abti ameangalia skrini? Inasema nini? Mikeka iko juu?"

"Mikeka tumeiingiza ndani."

"Mmeiingiza ndani? Kwa nini?"

"Si italowa," akasema mama, na hapo ndipo nikasikia, nyuma ya sauti yake, kishindo cha mvua kwenye vioo na watoto wa Bute wakipiga kelele nje. Alikuwa akicheka. Alikuwa amepiga ili tu nisikie.

Nikamwambia, basi iacheni ilale.